Vitabu vya Mdogo Wake

Dada yangu alifariki mwanzoni mwa baridi, katika flati yake ya Kilburn, akiwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Jirani wa chini, mama wa Kisomali aliyezoea kumpelekea sambusa kila Ijumaa, ndiye aliyegonga asijibiwe. Tulimzika kabla ya wiki kwisha, kwa sala fupi na mvua nyembamba, na matanga yalipokwisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mie nikabakia na ufunguo.

Tulikuwa wawili tu huku. Yeye alitangulia kuja London akiwa msichana, nami nikamfuata nilipomaliza skuli Unguja. Niliolewa, nikahamia Lewisham, nikapata kazi ya mapokezi hospitali na nikazaa binti mmoja. Ndoa yake yeye ilivunjika mapema, hakuolewa tena, na hakujaaliwa mtoto. Alishona mapazia kwa watu, kisha akatunza wazee majumbani mwao mpaka magoti yalipomkatalia ngazi. Jumapili alikuja kwangu, akapika, akalalamikia magoti, akarudi. Mtu wa maneno machache. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Mdogo wangu," ndivyo alivyoniita tangu nijue kusikia, nami nilidhani ni mapenzi tu, kwa kuwa alinipita miaka kumi na alinibeba mgongoni nikiwa mchanga. Sura zetu zilikuwa shilingi kwa ya pili. Uzee ulipotukuta sote, watu wa msikitini walizidi kutuchanganya.

Jumamosi zikawa siku zangu za kwenda kuifungasha ile flati. Nilipanda treni mpaka London Bridge, nikashika treni ya laini ya Jubilee mpaka Kilburn, nikapanda ngazi na mifuko mitupu, nikashuka nayo imejaa. Sufuria, mashuka, khanga alizozikunja kwa makini mpaka zikashika mikunjo. Dawa za magoti. Kitabu hakikuwamo hata kimoja, ila msahafu, wala sikutegemea kukikuta. Dada yangu aliacha skuli mapema ili amsaidie mama, na kwangu hakupata kushika hata gazeti.

Jumamosi ya pili au ya tatu mvua ilinikuta humo ndani sina koti. Nikavaa la kwake, lile la kijani lenye vifungo vikubwa, nikatoka. Sikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Badala ya kufuata barabara kuu yenye maduka ya simu na ya kuku, nilikata kichochoro nyuma yake, njia ambayo sikuwahi kuipita. Kulikuwa na fundi wa saa, duka la taa za zamani, na mwishoni duka la vitabu vilivyokwishatumika, lenye mlango wa kijani na meza nje iliyofunikwa nailoni. Kwenye kioo chake nilimwona dada yangu ananijia. Ni koti tu, nikajiambia. Lakini miguu ilikuwa imeshasimama.

Nikasukuma mlango ili niondoke mbele ya kile kioo.

Ndani kulinuka karatasi na umeme wa hita. Mwenye duka, Mwingereza mzee mwenye sweta iliyotoboka viwiko, aliinua kichwa, na uso wake ukachanua.

"Umekuja!" alisema. "Nilidhani umehama. Kitabu chako nimekiweka."

Akainama chini ya kaunta kabla sijafungua mdomo.

"Samahani," nikamwambia. "Nadhani unamkusudia dada yangu. Alifariki mwezi uliopita."

Akabaki ameinama pale. Alipoinuka mkononi alikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki, naye alionekana kazeeka zaidi. Akaketi. Akanipa pole, pole ya kweli, si ile ya kupita. Halafu akaniangalia tena, akanitaja kwa jina langu.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Amekuzungumzia miaka na miaka. Vitabu vyote hivi alikuwa akikununulia wewe." Akatabasamu. "Na mtoto? Umejifungua salama?"

Niliona macho yake yakishuka tumboni mwangu, yakapanda usoni, yakasimama kwenye nywele nyeupe zilizochungulia chini ya mtandio. Mie ni mwanamke ninayekaribia kustaafu. Tabasamu likamkauka.

"Mtoto gani?" niliuliza.

Akafungua kifurushi polepole, kana kwamba anatumaini karatasi itamsahihisha. Kilikuwa kitabu cha kulea mimba na mtoto mchanga, safi, chenye picha ya mama amekumbatia kichanga. "Aliniomba nimtafutie kizuri," alisema. "Alisema mdogo wake ana mimba ya kwanza na hana mama wa kumfunza."

Mvua ikagonga nailoni nje. Kisha yule mzee akanieleza, kwa kusitasita, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo cha mwenzake. Alipoanza kuja, dada alitaka vitabu vya mtoto anayejifunza kusoma, vya picha kubwa. Akadhani ni vya mwanawe. "La, ni vya mdogo wangu," dada alimwambia. Baada ya mwaka akataka vigumu kidogo. Baadaye visa vya wasichana wa skuli, vya safari za majini, vya farasi. Kisha riwaya za mapenzi, nyepesi kwanza. Mzee aliona mtoto anakua, akafurahi naye, akawa anaweka pembeni anavyodhani vitamfaa. "Alipokwenda chuo nilimpa kamusi, zawadi," alisema. "Alipoolewa pia tulizungumza."

Nilichukua kile kitabu kwa sababu sikujua namna ya kukikataa. Nikatoka nacho kwapani, nikiwa na jina langu na koti la maiti, na barabara yote ikaniona mgeni.

Wiki ile kazini nilikosea watu. Nilimpeleka mgonjwa wa macho kwenye mifupa. Niliwaza kwamba akili ya dada yangu ilikuwa imeanza kumtoka miaka mingi, naye akijificha kwetu Jumapili kwa Jumapili kwa kupika na kunyamaza. Kwenye kaunta yangu ya mapokezi nimewaona wengi wa namna hiyo, wanaokujibu vizuri kabisa mpaka uwaulize mwaka. Lakini wao hawakuzi mtoto kwa mpangilio, darasa baada ya darasa.

Jumamosi iliyofuata nilivaa koti langu mwenyewe. Hata hivyo, kwenye duka la nyuzi za sufu, milango michache kutoka kwa yule mzee, mwanamke aliyekuwa anapanga mabunda dirishani aliniona akaweka mkono kifuani. Mzee wa vitabu alikuwa kamwambia habari za msiba. Mwanamke huyo, mwenye duka, alikuwa Muairishi, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza. Alinivuta ndani, akaniketisha kwenye meza ndefu ambapo wanawake watatu walikuwa wanafuma, na mmoja wao, bila kusema neno, akahamisha mfuko wake kutoka kwenye kiti cha pembeni. Nikaelewa kwamba kiti kile kilikuwa na mwenyewe, na kwamba nimeketishwa juu yake.

"Wewe ndiye yule anayeogopa paka," alisema mwenye duka. "Wa mkono wa kushoto. Alikuwa akituambia ulivyokuwa ukimwaga wino kwa kuandika kwa kushoto."

Mie naandika kwa mkono wa kulia. Na nimefuga paka maisha yangu yote; hata sasa ninao wawili.

Hadi dakika ile nilidhani dada alinizulia maisha. Sasa nilijua kuwa kuna mtu mwingine anayeitwa kwa jina langu, mwenye mkono wake na hofu zake, aliyekaa katika maduka haya miaka yote, na watu wote wa hapa wanamjua isipokuwa mimi.

Mwenye duka akaniletea mfuko. Ndani mlikuwa na sweta ya kichanga aliyokuwa akiifuma dada, ya manjano, nzima ila mkono mmoja uliokuwa bado kwenye sindano. "Ichukue," alisema.

"Siwezi," nikasema. Na kweli sikuweza, vidole havikutaka. Yeye akaniangalia, asinilazimishe. Baadaye nilisikia aliimaliza mwenyewe, akaitia katika kapu la nguo wanazofuma kwa ajili ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati.

"Vile vitabu alivipeleka wapi?" niliuliza. "Kwake hakuna hata kimoja."

"Harrow," alijibu yule aliyehamisha mfuko. "Akitoka hapa alikwenda Harrow, kwa rafiki yake mwenye duka la viungo. Kila Jumamosi."

Duka lile nililijua kwa masikio. Mwenyewe alikuwa bibi wa Kihindi, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa jirani yetu kule Mjini kabla watu hawajatawanyika. Dada alinunua kwake bizari na iliki, akinigawia. Mazikoni hakuja kwa sababu alikuwa amelazwa kwa kifua. Nilipanda treni muda ule ule, nikabadilisha Wembley Park, nikashika laini ya Metropolitan. Kile kitabu cha uzazi kilikuwa bado katika mkoba wangu. Wiki nzima sikuthubutu kukitoa humo mbele ya watu wa nyumbani kwangu.

Duka lilikuwa dogo, katikati ya ofisi ya wakili na kinyozi. Bibi alikuwa amekaa nyuma ya mizani, sweta ya kiume juu ya sari, soksi ndani ya ndara. Yeye hakunichanganya na mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Rudishia mlango, baridi."

Nilikuwa nimepanga maneno ya adabu njia nzima. Yakanipotea. "Bibi, dada alikuwa na ugonjwa wa akili?"

"Dada yako alikuwa na akili kuliko mie na wewe."

"Mbona aliwaambia watu nina mimba? Mbona aliwaambia mie naandika kwa kushoto?"

"Hakusema wewe." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa sari, muda mrefu. "Kwenu hawakukwambia kitu? Mpaka mama yako anakufa?"

Nilimwambia ninachokijua: kwamba kuna mtoto alitangulia kabla yangu. Nyumba nyingi zilikuwa na mtoto kama huyo. Hakuna aliyemtaja, nami sikuuliza.

"Basi jina ulilonalo ni lake," alisema bibi. "Lilikuwa na mwenyewe kabla yako."

Akanieleza kwa sauti ile ile ambayo angenieleza namna ya kukaanga kiungo cha jira. Walikuwa wawili, dada yangu na yeye, wamepishana miaka miwili tu. Walilala kitanda kimoja, walikula sahani moja. Dada ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kijiti, kwenye vumbi la ua. Yule mdogo alipofika miaka saba ikamshika homa. Usiku wa mwisho walilazwa pamoja kama kawaida kwa kuwa hakuna aliyedhani ni wa mwisho, na asubuhi dada alijaribu kumwamsha.

"Mama yako hakulia," alisema bibi. "Watu waliogopa. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, tukaja kukutazama. Mama yako akakushika hivi, akasema, karudi. Akakupa jina, akatoa nguo za yule wa kwanza sandukuni. Dada yako alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, huyu siye. Mama yako akainuka na uzazi wake akampiga kofi. Tangu siku ile dada yako hakulitamka jina lile mbele yenu. Mbele yangu ndiyo. Huku."

Nilikumbuka kitu ambacho sikuwahi kukitafutia maneno. Mama aliponiita nikaja mbio, mara nyingine macho yake yalipita kidogo juu ya bega langu, kama anatazama nani anayenifuata. Utotoni nilizoea kugeuka nyuma. Niligeuka pia mle dukani, na nyuma yangu mlikuwa na magunia ya dengu.

"Njoo," alisema bibi.

Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha akiba. Upande mmoja madebe ya samli na mchele. Upande wa pili, kutoka sakafuni hadi usawa wa kichwa changu, vitabu. Nilivuta kimoja cha chini kabisa, chembamba, chenye picha ya bata. Ndani ya jalada, kwa mwandiko wa dada yangu ulioinama kama anayepanda ngazi, kulikuwa na jina langu. Nikavuta cha juu yake. Jina langu. Cha farasi, cha meli, kamusi ya mzee, vyote. Nilisimama mbele ya rafu iliyojaa jina langu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Nimewahi kusikia watu wakisema wameona mzuka. Mle ndani nilihisi mzuka ni mimi, na kwamba aliye hai ni yule mwingine, aliyepita skuli, akaenda chuo, akaolewa, akashika mimba, akifuatwa kila Jumamosi na mtu anayempenda.

"Alikuwa akimsomea," alisema bibi nyuma yangu. "Hapo, juu ya gunia. Kwa Kiingereza chake kile cha kukwamakwama, halafu anamfasiria."

"Na wewe ulimwacha?"

"Nilikuwa napima bizari. Wengine huja hapa kunywa chai, yeye alikuja kusoma. Nimwambie nini?"

"Lakini kwa nini kumkuza? Kwa nini asimwache kama alivyokuwa?"

"Nilimuuliza. Akasema nyie nyote mlimwacha kule na miaka saba. Mtoto mdogo, peke yake."

Nililia basi. Nililia kuliko nilivyolia mazikoni, na sijui hata leo nilikuwa namlilia nani kati yetu sisi watatu. Bibi hakunigusa. Alikwenda mbele kumhudumia mteja aliyetaka ukwaju, wakaongea Kigujarati kuhusu hali ya hewa, mlango ukalia, akarudi. Nikakitoa kile kitabu cha kichanga mkobani. Nilitaka kuandika jina kama alivyofanya dada, nikaomba kalamu, nikainama, nikaona nitakuwa nimejiandika mwenyewe. Nikairudisha kalamu. Nikakiweka rafuni bila jina, mwisho wa mstari, na nilipoondoa mkono nilijua kwamba yule mtoto ameishia pale. Kwamba safari hii hakuna wa kumvusha.

Nilipomweleza binti yangu jioni ile alisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili anakisikia chote, ila hunijibu kwa Kiingereza. Alisema, "Mama, hilo ni jambo la kutisha."

"La kutisha nini?"

"Kupewa jina la mtu mwingine ili uwe yeye." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa alikupenda lakini. Aliona wewe ni wewe. Ni yeye pekee aliyekataa kukuchanganya."

Sikuwa nimeliona hivyo. Nililala na maneno yale, na ndiyo yaliyonipa nguvu ya kufanya hitima nyumbani Lewisham mwezi ule. Tuliwasomea wote wawili. Sheikh alipouliza majina ya marehemu nikayataja, na la pili lilipotoka mdomoni mwangu wageni wakatazamana, wakanitazama. Bibi wa Harrow alikuja kwa teksi, akajitanda khanga, akakaa jikoni na wanawake akikatakata vitunguu na kuwasahihisha. Mzee wa vitabu alituma kadi ya pole. Akaandika ndani kwamba dirisha lake limekuwa na giza siku hizi.

Bado naingia katika vichochoro vya maduka Jumamosi, si Kilburn tu. Nimejua duka la Deptford linalouza ramani tu, na la mama mmoja Lewisham anayeuza vitabu vya dini na mafuta ya nywele rafu moja. Kuna maduka hunipokea kama mgeni, nikafurahi. Kuna mengine ambapo mwenyewe hunikazia macho, akasema, "Tumewahi kuonana?", na hapo ngozi hunisisimka, kwa sababu sijui dada alifika wapi na wapi, wala nani mwingine katika mji huu anamlinda yule mtoto bila kujua. Mie huwajibu, "Labda." Wakati mwingine wanataja jina. Nikisikia hivyo hukaa kidogo, nikauliza anaendeleaje.

Mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama yangu aliyebaki hai, yuko Unguja, haoni vizuri, na simu hushikiwa na wajukuu. Nilimpigia nikiwa nimekwishajiandaa kwa kilio. Baada ya salamu nikamuuliza, "Mama mdogo, yule wa kwanza, mwenye jina langu, alikuwa mtoto wa namna gani?"

Halafu nikasikia kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa anacheka.

"Mtukutu!" alisema. "Mtukutu huyo! Siku moja alimfungia mwalimu wa chuo cha Kurani chooni, akaukalia mlango, akamwambia, maalim, hutoki mpaka useme leo hakuna kusoma. Na akasema! Maalim mzima, akasema!"

Wajukuu wakaanza kucheka nyuma yake, nami nikacheka, na binti yangu akatoka chumbani kwake kuja kuuliza kuna nini. Nikaweka simu mezani ili naye asikie, nikamwambia mama mdogo asimulie tena, tangu mwanzo, taratibu.